Sababu ya Kuchelewa

Ningeachana na mume wangu binti yetu akiwa na miaka sita, leo nisingekuwa na habari ya kuandika. Sheria inamhesabu mtoto ambaye hajafikisha miaka saba kuwa ni wa kukaa na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini mimi ni mwanamke mvumilivu. Nilivumilia miaka miwili zaidi kwa ajili ya mtoto, kama nilivyoshauriwa na mama yangu mzazi, na mama mkwe, na mchungaji, na mama anayeniuzia mchicha sokoni Mabibo. Wote walinikumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikavumilia mpaka binti akatimiza miaka minane, ndipo nikaenda mahakamani na kukuta mbivu zimekwisha.

Mume wangu ni dalali wa viwanja. Ofisi yake ni simu, na simu iko mfukoni, kwa hiyo popote alipo yuko kazini, hata akiwa amelala. Mwaka ule alimpeleka mama mmoja kumwonyesha kiwanja kule Wazo, na kumwonyesha kwenyewe kukachukua miaka miwili. Nilipouliza ni kiwanja gani hicho kisichokwisha kuonyeshwa, niliambiwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mambo ya ardhi siyajui. Ni kweli sikuyajua. Niliyajua siku niliposikia kwamba kiwanja kimeshajengwa na mapazia yameshatundikwa.

Nyumba tuliyokuwa tunakaa Mabibo ni ya mama yake, kwa hiyo aliyekosa alibaki na aliyekosewa akahama. Nilipata vyumba viwili Mbezi Luis, juu kidogo ya stendi kuu ya mabasi, nikaondoka na binti yangu na begi lake la shule. Shule ninayofundisha, ambayo na yeye anasoma darasa la tatu, iko Mabibo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwa mama mkwe. Naomba hizo dakika kumi zikumbukwe, maana mahakama ilizikumbuka sana.

Kabla ya mahakama kuna baraza la usuluhishi la kata. Wajumbe walitusikiliza, wakatuhurumia, wakatuambia turudi nyumbani tukayamalize. Mume wangu alikubali haraka. Mimi nikauliza, nyumbani kupi? Tulikwenda pale mara tatu, na mara ya tatu mwenyekiti akatuandikia hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Kwa miaka kumi na nne nimejaza ripoti za wanafunzi na kuwaandikia wengi kwamba hawakufikia wastani. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kukabidhiwa ya kwangu, tena yenye muhuri.

Talaka yenyewe hakuna aliyeibishia. Ugomvi ulikuwa mtoto. Mimi nilimtaka, yeye alimtaka, na mtoto hagawanyiki.

"Mheshimiwa," mume wangu alimwambia hakimu siku ya kwanza, kwa sauti ile anayoitumia kumwambia mteja kwamba barabara ya lami inapita hapa hapa, "mwenzangu ni mchapakazi, hilo simkatalii. Anaondoka giza, anarudi giza. Mie kazi yangu ni ya kujipangia. Na mama yangu mzazi yupo nyumbani muda wote. Sasa mtoto akae na nani?"

Katika miaka kumi ya ndoa sikuwahi kusikia mume wangu akinisifia uchapakazi. Nilingoja nione kama ataendelea, akaishia hapo.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akanigeukia. Nikamwambia kwamba kazi yangu ni watoto. Darasani kwangu wako tisini na wawili, na huyu anayegombaniwa ni mmoja wao. "Mheshimiwa, mimi namwona mwanangu kutwa nzima. Sidhani kama kuna mzazi Dar es Salaam anayemwona wake kuliko mimi."

"Unamwona kama mama au kama mwalimu?" akauliza.

Nikatabasamu, nikidhani ananitania. Akaandika kitu, akaagiza afisa ustawi wa jamii atutembelee pande zote mbili na kuleta taarifa.

Swali lile lilikuwa na jibu, ila nilikuwa sijalisikia bado. Kila mwalimu ambaye mtoto wake anasoma shuleni kwake anaijua sheria moja ambayo haifundishwi chuoni. Nje ya geti wewe ni mama. Ndani ya geti wewe ni mwalimu. Wazazi wa shule yetu wengi ni watu wa sokoni, wana macho na wana midomo, na neno la kwanza wanalosema ni kwamba mtoto wa mwalimu anapewa majibu. Kwa hiyo walimu tunajikinga. Mtoto wa mwenzio ukimpa adhabu moja, wako unampa mbili, na wako akifaulu, jirani akikupongeza unajifanya hujasikia.

Binti yangu alipoanza darasa la kwanza, wiki ya kwanza tu, alininyooshea daftari akasema, "Mama, nimemaliza." Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia atoke nje, aingie upya, anisalimie vizuri. Akatoka, akaingia, akasimama mikono nyuma, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikasema, "Marahaba, kaa chini." Toka siku ile hakurudia kosa. Nilijiona mtu wa msimamo.

Kitu kimoja tu alibaki nacho. Kila asubuhi, hatua chache kabla ya geti, pale anapokaa mama muuza maandazi na mwavuli wake, alikuwa ananiita mfululizo bila shida yoyote.

"Mama. Mama. Mama."

"Nini?"

"Basi tu."

Halafu tunaingia, na mimi nakuwa mwalimu wake hadi jioni.

Baada ya kuhamia Mbezi tukaanza kuchelewa. Si kila siku, lakini zaidi ya ilivyofaa. Tuliamka saa kumi alfajiri, na kengele inalia saa moja, na bado tulichelewa. Getini hukaa mwalimu wa zamu na daftari kubwa la wachelewaji, lililopigwa mistari kwa rula: namba, jina, darasa, sababu. Asubuhi ya kwanza tulipochelewa, zamu ilikuwa ya mwalimu wa hisabati, kaka mmoja mcheshi tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja.

"Piteni bwana," akasema. "Huyu si umekuja naye?"

"Mwandike," nikasema.

"Nimwandike kwa kosa gani?"

"Amechelewa. Sheria ni sheria."

Yeye akaona utani. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe. Jina la mwanangu, darasa la tatu, na kwenye sababu nikaandika neno ambalo shule yetu huliandikia kila mtoto asiye na karatasi ya hospitali wala msiba: uzembe. Niliandika kwa ule mwandiko wangu wa ubaoni, ambao wakaguzi huusifia. Binti akachukua ufagio akaungana na wachelewaji wenzake kufagia uwanja. Mimi nikaenda ofisini kusaini. Walimu hatuna daftari la wachelewaji. Tuna daftari la kusaini, na humo ndani kila mwalimu amefika saa kumi na mbili na nusu.

Siku ile chai ilikuwa ya maziwa. Nilisimama dirishani na kikombe, nikamtazama anavyofagia huku ameinama, soksi moja imeshuka, nami nikajisikia fahari kwamba hakuna mzazi wa sokoni atakayesema nina upendeleo. Leo nikikumbuka naona aibu hadi masikio yanapata moto. Lakini siku ile niliona fahari, na sina sababu ya kudanganya.

Afisa ustawi tulimngojea kama anayekuja kuposa. Mama mwenye nyumba wangu aliniazima meza ili mtoto aonekane ana mahali pa kusomea, jirani wa mlango wa pili akaleta ua la plastiki na kitambaa cha kufumwa. Jumamosi mbili mfululizo tulikaa sebuleni tumevaa vizuri, binti na daftari mbele yake, mimi na birika la chai. Hakuja mtu. Jumamosi ya tatu jirani akachukua ua lake, kwa sababu na yeye alikuwa na wageni.

Afisa alifika Mbezi Jumanne saa nne asubuhi, akakuta kufuli. Saa nne asubuhi ya Jumanne mtu mwenye ajira anakuwa kwenye ajira yake. Hilo ndilo alilotumwa kulichunguza, na akalithibitisha. Siku hiyo hiyo mchana akapita Mabibo, akamkuta mume wangu nyumbani amevaa msuli, na mama mkwe anamenya mihogo. Akakaribishwa, akala. Sifa moja ya kukosa kazi maalumu ni kwamba mgeni akija anakukuta.

Kesho yake akaja shuleni. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mstaarabu, mwenye faili la kijani. Mwalimu mkuu akatupa ofisi yake, akamtuma kiranja amwite binti darasani. Akaja, akabisha hodi, akaingia na mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu mkuu. Shikamoo mgeni. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikajibu. "Simama vizuri."

Ulimi una mazoea yake. Nilisikia maneno yakiwa yameshatoka.

Yule dada akainama kidogo, akamwuliza kwa upole, "Mtoto mzuri, huyu hapa ni nani yako?"

Binti akanitazama. Niliona anavyopiga hesabu. Tuko ndani ya geti, tena ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ni mwalimu," akasema.

"Na mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikacheka naye, kwa sababu nilikuwa sijui nifanye nini na uso wangu. Dada wa ustawi hakucheka. Aliandika.

Na hapo mwalimu mkuu, kwa wema wake wote, akaamua kunitetea. Akafungua kabati, akatoa lile daftari kubwa. "Unamwona mwalimu wetu huyu?" akamwambia mgeni. "Hana upendeleo hata chembe. Hebu tazama. Mtoto wake wa kumzaa, anamwandika mwenyewe kwa mkono wake. Mara ngapi hapa? Haya, hesabu. Walimu wa namna hii wamebaki wachache." Dada wa ustawi akahesabu. Kisha akaomba, kama haitakuwa usumbufu, atolewe nakala. Mwalimu mkuu akaagiza nakala itolewe, na akapiga muhuri kila ukurasa, ili sifa zangu zifike mahakamani zikiwa rasmi.

Siku ya kusikilizwa nilivaa gauni la bluu la ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Mume wangu alikuja na mama yake. Shikamoo nikampa mama mkwe, nikapokea marahaba, tukakaa benchi moja, maana benchi lilikuwa hilo hilo. Hakimu alianza kwa kumwita binti peke yake ofisini kwake. Walikaa huko muda ambao kwangu ulikuwa kipindi kizima cha mtihani, na mimi ndiye niliyekuwa nafanyiwa usahihishaji. Nakiri kwamba jana yake, wakati wa chakula, nilitaka kumfundisha cha kujibu. Kufundisha majibu ni kazi yangu. Nilifungua mdomo, nikamwona anachambua miiba ya dagaa kwa makini kama kawaida yake, nikaufunga. Alipotoka kwa hakimu alikuja kukaa kati yangu na bibi yake, akaniegemea.

Taarifa ya ustawi ikasomwa. Nyumba ya mama ilikutwa imefungwa. Baba alikutwa nyumbani. Mtoto ni msafi, ana nidhamu. Alipoulizwa, mtoto alimtambulisha mama yake kuwa ni mwalimu. Uhusiano wa mama na mtoto ni mzuri, ila una sura ya kikazi. Mume wangu alitazama dari. Namfahamu, alikuwa anajizuia kucheka.

Kisha hakimu akavaa miwani yake, akashika karatasi zenye mihuri ya shule.

"Mwalimu, mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Mwandiko mzuri." Akafunua. "Muhula mmoja, mtoto amechelewa mara kumi na moja. Kwenye sababu naona uzembe. Hapa uzembe. Hapa tena uzembe. Mtoto huyu anatoka Mbezi peke yake?"

"Hapana, mheshimiwa. Nakuja naye."

"Kwa hiyo akichelewa yeye, na wewe umechelewa."

"Ndiyo."

"Na wewe umeandikwa wapi?"

Akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Basi nisaidie kitu kimoja tu. Huu uzembe ni wa nani?"

Nilikuwa na sababu za kutosha. Barabara ya Morogoro ningeitaja, na mvua, na maji yanayotoka bombani saa tisa usiku tu, na hakuna ambaye angenibishia. Lakini nilikumbuka asubuhi zetu zilivyokuwa. Mimi nimejiinamia kwenye kitanda naandika andalio la somo ambalo sikuliandika jana kwa sababu nilisahihisha madaftari tisini na mawili, na kila nikiinua kichwa namwona mlangoni.

"Ni wangu, mheshimiwa," nikasema. "Yeye huwa ameshavaa viatu. Anakuwa amekaa mlangoni ananisubiri."

Mama mkwe akaguna, "Maskini," na mpaka leo sijui alimaanisha nani kati yetu.

Hukumu ilitoka wiki mbili baadaye. Hakimu alisema kufanya kazi si kosa, na mahakama haimwadhibu mama kwa kuwa na ajira. Baada ya kusema hivyo, akaelekeza mtoto akae na baba yake na bibi yake Mabibo, dakika kumi kutoka shuleni. Mimi nitamchukua Ijumaa baada ya masomo hadi Jumapili jioni, na likizo tutagawana. Akaeleza kwamba mtoto hakuchagua kati ya baba na mama. Aliposikilizwa alisema kitu kimoja, kwamba angependa kuamka kukiwa kumekucha. Mwisho akasema mlango haujafungwa. Hali ya malezi ikibadilika upande wowote, aliye na ushahidi aulete.

Nililia. Nililia nyuma ya jengo la mahakama, karibu na pikipiki zilizoegeshwa, na sikulia kwa staha. Mama mkwe alinifuata, akanishika mkono. "Nyamaza mwanangu. Mtoto hajaenda Ulaya. Yupo hapa hapa Mabibo." Nikamwambia asante mama. Nilimchukia kidogo, na nilimpenda kidogo, na basi.

Kwa hiyo nikabaki na mwanangu siku tano kwa wiki, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ndani ya geti. Mahakama ilinipokonya saa zile ambazo mimi ni mama, ikaniachia zile ambazo mimi ni mwalimu. Baba yake akapata zilizobaki, na katika hizo, nyingi mtoto amelala.

Mwalimu wa hisabati ndiye aliyenipa akili. "Sista, dawa ya moto ni moto," alisema ofisini, akichovya andazi. "Daftari ndo limekuchoma, daftari hilo hilo likuokoe. Siku dogo akichelewa akitokea kwa mshua wake, unamwandika. Zikifika kumi na moja unazibeba unarudi nazo."

"Dakika kumi, mwalimu. Atachelewa vipi?"

"Kwa baba yule? Mie namjuaga. We subiri."

Nikasubiri. Nikaanza kuamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka wakati binti yuko nami. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa tayari shuleni, madaftari yamesahihishwa, andalio limeandikwa, na kwa mara ya kwanza katika ajira yangu saini yangu asubuhi ilikuwa ya kweli. Nilikaa ofisini upande wa dirisha linaloangalia geti, nangoja mwanangu achelewe. Nimesikia kina mama wakiombea watoto wao afya, na akili, na mume mwema. Mimi nilikuwa naomba wangu achelewe.

Hakuchelewa. Kila siku aliingia kabla ya kengele, nywele zimesukwa na bibi yake, sare imenyooshwa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Alinipita akaenda kufanya usafi. Nilianza kuona kwamba anaingia na uso kama wa mtu aliyekosa kitu dukani, lakini nilidhani ni hasira zake kwangu, na nikaona ana haki.

Ikaja wiki ya mvua. Siku ya tatu maji yalifunga barabara kule Kimara, tukakaa hapo ndani ya daladala hatuendi mbele wala nyuma. Nilishuka Mabibo saa mbili kasoro, viatu mkononi. Kengele ilikuwa imeshalia zamani. Mvua ilikuwa imepungua imebaki manyunyu. Na pale nje ya geti, chini ya mwavuli wa mama muuza maandazi, alikuwa amesimama binti yangu, begi mgongoni, sketi imelowa hadi magotini.

"Unafanya nini hapa?" nikafoka, kwa sauti ya darasani. "Kengele hujaisikia?"

"Nimeisikia."

"Sasa?"

Aliyejibu ni mama muuza maandazi. "Mwalimu usimgombeze. Huyu kila siku anafikaga hapa mapema, bado sijawasha hata jiko vizuri. Ananiuliza, mama yangu ameshapita? Namwambia ameshaingia zamani, ndo na yeye anaingia, kanuna. Leo nimemwambia hujapita. Basi kagoma kuingia. Nimemwambia utachapwa, kasema sawa."

Nilisimama pale kwenye maji. Wiki zile zote nilikuwa nimekaa dirishani upande wa ndani nangoja achelewe, na yeye yuko upande wa nje anajitahidi kuniwahi.

Akanivuta kiganja.

"Mama. Mama. Mama."

"Nini?" nikasema.

"Basi tu."

Tukaingia. Zamu ilikuwa ya mwalimu wa hisabati. Alipomwona binti, macho yakamng'aa. Akamngoja apite mbele kidogo, akanisogezea daftari na kalamu.

"Leo ndo leo," akanong'ona. "Saa mbili kasoro, na kwao ni pale! Andika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule. Neno unalijua."

Nililijua. Lilikuwa neno moja, na safari hii lisingeniangukia mimi. Lingekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ile yenye bibi na mihogo na baba mwenye kazi ya kujipangia. Hakimu mwenyewe alisema aliye na ushahidi aulete. Nilimtaka mwanangu, na sikuwahi kumtaka kama dakika ile. Niliandika jina lake. Nikaandika darasa la tatu. Kwenye sababu kalamu ikasimama muda mrefu, mpaka tone la maji kutoka kwenye nywele zangu likadondokea karatasi.

Nikaandika: Alikuwa anamsubiri mama yake.

Mwalimu wa hisabati akasoma, akasoma tena. "Sasa hii utaipeleka wapi?"

"Siipeleki popote."

Chini ya jina lake nikaandika la kwangu. Safu ya darasa nikaiacha wazi. Kwenye sababu nikaandika barabara, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kweli. Yeye akatikisa kichwa, akasema tangu shule ianze hakuna mwalimu aliyewahi kuingia katika daftari hilo.

Wachelewaji wengine walikuwa wameshaanza kusukuma maji uwanjani. Binti akachukua ufagio mmoja, mimi nikachukua wa pili. Watoto wakaacha kazi wakatukodolea macho. Akanitazama, akatazama geti lililokuwa nyuma yetu, akawatazama wenzake.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "tuanzie wapi?"

Nikamwambia tuanzie getini.